Wakfu wa Berlin

Januari 27, 2010, kampuni ya Oracle ya California ilitangaza kwamba imekamilisha ununuzi wa Sun Microsystems, kwa takriban dola bilioni 7.4 za Marekani. Waandishi wa habari za biashara waliandika juu ya seva, juu ya lugha ya Java, juu ya hifadhidata ya MySQL. Kilicholala chini kabisa ya kapu hakikuandikwa sana. Kilikuwa programu ya ofisi iitwayo OpenOffice.org, iliyogawiwa bure, ambayo mamilioni ya watu waliitumia kuandikia barua na kupigia mahesabu bila kujua, wala kujali, kwamba ina mwenyewe.

Ilikuwa naye tangu mwanzo. Chimbuko lake ni Ujerumani, mjini Lüneburg, ambako kijana Marco Börries alianzisha kampuni ya Star Division mwaka 1985 na kutengeneza programu ya StarOffice. Sun iliinunua kampuni hiyo mwaka 1999, na Oktoba 13, 2000 ikauweka msimbo wake hadharani, kila anayetaka auchukue, ausome, aubadili. Watu wa kujitolea wakajitokeza nchi nyingi: wa kuandika msimbo, wa kuandika miongozo, wa kutafsiri. Dar es Salaam nayo ilikuwamo. Mwishoni mwa mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa na makao yake Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu hiyohiyo ya ofisi ikizungumza Kiswahili. Oracle ilipokamilisha ununuzi miaka mitano baadaye, msingi ambao kazi hiyo ilijengwa juu yake ulipata tajiri mpya, na hakuna mfasiri aliyeulizwa.

Mtu atasema: si programu huria hiyo? Inauzwaje? Hapo ndipo penye fundo, na ndipo wengi wanaoshabikia programu huria hupita haraka. Leseni huria humpa kila mtu haki ya kutumia, kunakili na kubadili msimbo, na haki hiyo haifutiki hata kampuni ikiuzwa mara kumi. Lakini leseni haisemi lolote juu ya jina. Haisemi nani ashike nywila za seva, nani aandikishwe kuwa mwenye anwani ya tovuti, mchango wa mtu wa Nairobi uingie akaunti ya nani, wala nani awe na neno la mwisho watu wakibishana. Kwa OpenOffice.org maswali yote hayo yalikuwa na jibu moja: Sun. Tena, aliyetaka msimbo wake ukubaliwe alipaswa kwanza kutia saini hati ya kuishirikisha Sun katika hakimiliki. Wengi walitia saini bila kinyongo. Wengine, hasa wanaprogramu wa kampuni ya Novell, walichoka, wakawa wanatunza toleo lao la pembeni lililoitwa Go-oo, lenye marekebisho ambayo hayakupata nafasi katika programu yenyewe.

Chini ya Sun hali hii ilivumilika, maana Sun ilikuwa na wahandisi waliokuwa wakiandika sehemu kubwa ya msimbo, na ilikuwa na uso ambao watu waliuzoea. Oracle watu hawakuijua. Miezi ikapita kimya. Septemba 28, 2010 baadhi ya watu waliokuwa nguzo za mradi huo, wengi wao wa Ulaya, wakatangaza kwamba wanaanzisha taasisi huru itakayoitwa The Document Foundation. Waliialika Oracle ijiunge, na wakaiomba iwape jina la OpenOffice.org. Wakati wakisubiri jibu, programu yao waliipa jina la muda: LibreOffice.

Jibu lilikuja, ila si lile waliloliomba. Katika kikao cha baraza la jumuiya ya OpenOffice.org mwezi Oktoba, upande wa Oracle uliwataka wajumbe waliojiunga na taasisi mpya waachie viti vyao, kwa hoja ya mgongano wa masilahi. Jina halikutolewa. Lile la muda likawa la kudumu, na toleo la kwanza, LibreOffice 3.3, likatoka Januari 25, 2011. Mifumo mikubwa ya Linux ikaanza kulibeba badala ya OpenOffice. Kiufundi, kujitenga kulikuwa kumefaulu.

Kisheria, taasisi yenyewe haikuwapo.

Hili hufichwa na mng'aro wa matangazo. The Document Foundation ya mwaka 2010 ilikuwa na jina, nembo, waraka wa msimamo na orodha ya waungaji mkono wenye majina makubwa, zikiwamo Google, Red Hat na Novell. Haikuwa na uwezo wa kumiliki hata kalamu. Mbele ya hakimu yeyote duniani lilikuwa kundi la watu wenye nia njema. Alama ya biashara isingeweza kuandikishwa kwa jina lake. Akaunti ya benki isingefunguliwa. Na kama mtu angeishitaki, angemshitaki Fulani na Fulani, nyumba zao na mishahara yao. Kilichowaokoa ni chama kidogo cha Kijerumani, Freies Office Deutschland, kilichokuwa kimesajiliwa miaka kadhaa kabla kwa ajili ya kuitangaza OpenOffice.org nchini humo. Chama hicho ndicho kilichoshika fedha na mali kwa niaba ya taasisi ambayo bado ilikuwa tumboni.

Basi wazaliwe wapi? Njia iliyozoeleka ilipitia Marekani. Apache Software Foundation ilisajiliwa jimboni Delaware mwaka 1999, na hadi leo ni shirika la hisani lisilotozwa kodi. Wengine waliona hakuna haja ya kusajili kitu kipya, wakajihifadhi chini ya mashirika mama, kama Software in the Public Interest ya New York, lililoanzishwa mwaka 1997 kwa ajili ya mradi wa Debian na baadaye likafungua mlango kwa miradi mingine. Lakini mlango wa Marekani ulikuwa ukianza kubana. Taasisi ya Yorba, iliyotengeneza programu ya picha ya Shotwell, iliomba msamaha wa kodi mwishoni mwa mwaka 2009. Ilijibiwa Mei 2014, kwa kukataliwa. Hoja ya mamlaka ya mapato ilikuwa kwamba programu huria hutumiwa na yeyote kwa lolote, hata kwa biashara, hivyo haiwezi kuhesabiwa kuwa ni hisani. Mwaka 2013 ilikuwa imekwisha kufichuka kwamba maneno “programu huria” yalikuwa katika orodha za mamlaka hiyo za maombi ya kuangaliwa kwa jicho la pili. Kwa mtu anayekijua kisima cha kijiji, hoja hiyo ya Yorba inashangaza. Kisima nacho huchotwa na muuza chai.

Watu wa LibreOffice walichagua Ujerumani. Huko nako palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni chama cha kawaida cha wanachama. Sheria ya kiraia ya Ujerumani inataka watu saba, katiba na usajili mahakamani, basi. Ni rahisi na ni haraka, na ndiyo njia waliyoifuata watu wa mradi huria wa KDE, waliosajili chama chao katika miaka ya 1990. Kasoro yake ni kwamba chama ni cha wanachama. Leo wanachama wanapenda uhuru wa programu. Baada ya miaka kumi, wanachama wapya wakiwa wengi wa kutosha wanaweza kubadili madhumuni au kukivunja kabisa. Mtu aliyekwisha kuona ushirika wa wakulima ukipinduliwa kwa mkutano mkuu uliojazwa watu wa kukodi hahitaji kuelezwa zaidi.

Njia ya pili ni ile ambayo Mwislamu wa mwambao wetu ataielewa kabla Mjerumani hajamaliza sentensi. Ni wakfu. Mtu wa Mombasa au Zanzibar akiiweka nyumba yake wakfu kwa ajili ya msikiti au maskini, nyumba hiyo haiuzwi tena, hairithiwi, haitolewi zawadi. Mutawalii huisimamia, hukusanya kodi na kuitumia kwa lile aliloliagiza mwenye kuweka wakfu, lakini nyumba si yake. Unguja kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayoangalia mambo hayo. Sheria ya Ujerumani ina mwana wa tumbo jingine wa utaratibu huo: mali hutengwa kwa dhumuni lililoandikwa, serikali ya jimbo huitambua, na kuanzia siku hiyo mali hiyo ni nafsi ya kisheria isiyo na mwenyewe. Haina wanahisa. Kwa asili yake haina hata wanachama. Dhumuni lake halibadilishwi kwa kura ya mkutano, na ofisi ya serikali hulichungulia mwaka hadi mwaka kuona kama linafuatwa.

Wakfu lazima uwe na kitu cha kuwekwa. Sheria haikutaja kiasi, ila kwa desturi ya mamlaka za majimbo, chini ya euro 50,000 ni vigumu kusikilizwa. Waasisi hawakuwa nazo. Februari 2011 wakatoa wito kwa watumiaji, na fedha hizo zikapatikana ndani ya siku nane. Zilitoka katika mifuko ya watu wa kawaida, kidogo kidogo. Kuna mfano wa kabla yao ambao naamini uliwapa moyo: mwaka 2002 Ton Roosendaal wa Uholanzi aliomba euro 100,000 ili aununue msimbo wa programu ya uchoraji ya Blender kutoka kwa wawekezaji wa kampuni yake iliyofilisika, akazipata kwa wiki saba, na Blender Foundation ipo hadi leo.

Fedha zilikuja kwa wiki moja. Karatasi zilichukua mwaka. Ugumu haukuwa urasimu peke yake. Waasisi walitaka vitu viwili visivyokaa pamoja kwa urahisi: ugumu wa wakfu usiopinduliwa, na kura za watu wanaofanya kazi. Mutawalii wa kawaida huteuliwa na aliyeweka wakfu au na mahakama, wala waswaliji hawampigii kura. Hawa walitaka wasimamizi wachaguliwe na wanaoitengeneza programu, tena mara kwa mara. Ilibidi demokrasia ishonewe ndani ya hati ya msingi kipengele kwa kipengele, na kila kipengele kikubalike kwa serikali ya jimbo na kwa ofisi ya kodi. Februari 17, 2012 jimbo la Berlin liliitambua The Document Foundation kuwa nafsi kamili ya kisheria, yenye kutambuliwa pia kuwa ya manufaa ya umma.

Hati yenyewe inastahili kusomwa na yeyote anayetaka kuanzisha chombo cha watu wengi. Uanachama wenye kura haununuliwi. Hupewa mtu binafsi aliyefanya kazi ya maana kwa mradi kwa angalau miezi mitatu na anayeahidi kuendelea kwa miezi sita mingine. Kazi si msimbo tu: kutafsiri, kusaidia watumiaji, kuchora, kuandaa mikutano, zote zinahesabiwa. Wanachama hao huchagua bodi ya wakurugenzi ya watu saba na wajumbe wao wa akiba, kwa kipindi cha miaka miwili. Huchagua vilevile kamati ya uanachama, ambayo ndiyo inayopokea wapya na kusimamia uchaguzi wa bodi, ili walio madarakani wasijichagulie wapiga kura. Makampuni hayana kura. Yanayotoa fedha hukalishwa katika baraza la ushauri, yakasema yanayotaka kusema.

Kipengele ninachokipenda zaidi ni cha theluthi. Si zaidi ya theluthi ya wakurugenzi wanaoruhusiwa kutoka kwa mwajiri mmoja. Kwa bodi ya saba, maana yake wawili. Hata kama kampuni moja imeajiri nusu ya wanaprogramu wote na wote wakapata kura za kutosha, wa tatu atabaki nje. Ni kipengele kilichoandikwa na watu waliokwisha kuungua kwa Sun na kuunguzwa tena kwa Oracle.

Na Oracle? Aprili 2011, ikiwa haina tena wanaprogramu wa kujitolea wa maana, ilitangaza kuacha toleo la kibiashara la OpenOffice.org, na Juni mwaka huohuo ikautoa mradi mzima pamoja na jina lake. Haikuwapa watu wa Berlin, walioliomba. Iliwapa Apache. Yaani taasisi ya Delaware, yenye historia njema na usimamizi wa kuaminika, ikarithi jina maarufu lililokwisha kukimbiwa na wengi wa waliolipa umaarufu. Apache OpenOffice imeendelea kutoa matoleo, machache na ya polepole. Mwaka 2016 viongozi wake wenyewe walijadili hadharani uwezekano wa kuifunga. Apache imejitahidi kwa uwezo wake, na lawama siioni hapo. Ila kisa hiki kinaonyesha mpaka wa kazi ya mwanasheria: waweza kusajili kila kitu isipokuwa watu kurudi.

Ingekuwa hadithi tamu kuishia hapo, wakfu ukiwa umeshinda. Lakini wakfu wa Berlin umekuwa na kelele ndani, na kelele zenyewe zinatokana na sheria ileile iliyoulinda. Kwanza, ule mtaji wa msingi hautumiwi, lazima ubaki. Pili, michango ya watu, ambayo huingia kwa wingi mtu anapopakua programu, hairuhusiwi kulimbikizwa. Sheria ya kodi ya Ujerumani inaitaka taasisi ya manufaa ya umma itumie michango yake ndani ya muda mfupi, la sivyo hadhi yake inatiliwa shaka. Kwa hiyo taasisi ikawa inatangaza zabuni: rekebisha hiki, tengeneza kile. Wenye ujuzi wa kushinda zabuni hizo walikuwa wachache. Wengi wao walikuwa waajiriwa wa makampuni yanayouza huduma za LibreOffice, kama Collabora ya Cambridge, na ni haohao waliokuwa na rekodi ya kazi iliyowafanya wachaguliwe kwenye bodi. Anayetangaza zabuni na anayeiomba wakajikuta wakinywa kahawa meza moja.

Hakuna aliyefanya hila hapo. Kila kipengele, ukikitazama peke yake, ni cha busara: wafanyao kazi wapige kura, fedha za umma zitumike, wenye ujuzi wapewe kazi. Vikikutana, vinazaa mgongano wa masilahi ambao wasimamizi wa hisani wa Kijerumani hawauchekei. Kile kikomo cha theluthi huzuia kampuni moja kuitawala bodi. Hakizuii makampuni mawili au matatu yenye masilahi yanayofanana. Miaka mingi ya vikao imetumika kutunga kanuni za nani atoke nje ya chumba wakati gani, na nani anaruhusiwa kusema akiwa mlangoni. Baadaye taasisi iliamua kuajiri wanaprogramu wake yenyewe, jambo ambalo wengine waliliona kuwa ni ukombozi na wengine kuwa ni kushindana na makampuni yanayobeba mzigo.

Kabla ya hapo, mwaka 2020, ugomvi ulikuwa umekwisha kutoka hadharani. Julai, toleo la majaribio la LibreOffice 7.0 lilionekana na maandishi kwamba ni toleo la matumizi binafsi. Lengo, kwa maelezo ya bodi, lilikuwa kuzikumbusha taasisi kubwa kwamba kuna makampuni ya kulipwa kwa huduma, maana serikali na mashirika makubwa yalikuwa yakiitumia programu bila kuchangia hata senti. Watumiaji walihisi harufu ya Oracle, wakapiga kelele, na maandishi yakaondolewa kabla toleo kamili halijatoka Agosti. Oktoba ya mwaka huo Collabora ikahamisha kazi yake ya toleo la mtandaoni kutoka nyumba ya taasisi hadi kwake. Ilikuwa haki yake kwa leseni, haki ileile waliyoitumia waasisi mwaka 2010.

Kwa maoni yangu waasisi walichagua sawa. Chama cha wanachama kingeweza kuvunjika katika ugomvi kama huo, au kununuliwa polepole. Wakfu ulipigwa mawe ukabaki umesimama, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kumpora mtu: jina, seva na fedha havikuwa vya upande wowote. Gharama yake ni uzito. Taasisi isiyo na mwenyewe haina pia wa kusema basi, tumechoka, tunabadili njia kesho asubuhi.

Wengine wameendelea kuhama wakitafuta nchi inayofaa. Taasisi ya RISC-V, inayosimamia viwango huria vya vichakataji, ilihamia Uswisi mwaka 2020, wakati vikwazo vya biashara baina ya Marekani na China vikiwatia hofu wanachama wake. Eclipse Foundation, iliyozaliwa Marekani, ilijenga makao ya kisheria Brussels kuanzia Januari 2021. Msimbo hauna pasipoti. Taasisi inayoutunza ni lazima iwe nayo, na sasa watu huichagua kwa makini kuliko zamani.

Kazi ya Dar es Salaam ya 2004 je? Leseni iliruhusu kila kitu kihamie kwingine, na leo LibreOffice ina faili za tafsiri zilizoandikishwa kuwa ni Kiswahili cha Tanzania, pamoja na orodha ya maneno ya kusahihishia tahajia. Tafsiri ina mapengo. Programu imekua na menyu zimeongezeka tangu wakati huo. Mwalimu wa Morogoro au mwanafunzi wa Eldoret akiyaziba kwa miezi mitatu mfululizo anaweza kuomba uanachama, na akikubaliwa kura yake italingana na ya mhandisi wa Hamburg aliyeandika nusu ya lahajedwali. Fomu itamuuliza mwajiri wake ni nani, kwa sababu ya ile theluthi.